Sura ya Sita: Mtambo na Maji ya Chumvi

Orford Ness ni rasi nyembamba ya kokoto, yenye urefu wa kilomita 16 hivi, katika pwani ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Upande mmoja ni Bahari ya Kaskazini. Upande wa pili mto Alde unapita sambamba na ufuo kwa kilomita nyingi kabla haujapata mlango wa kutokea baharini. Katikati kuna vinamasi vilivyolowa chumvi. Hapaoti mti wa maana, hapalimiki, na upepo haupumziki. Mkulima hana haja napo. Lakini mtu anayetaka kurusha matangazo ya redio ya masafa ya kati kuelekea Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani hawezi kupata kiwanja kizuri kuliko hicho.

Redio imekuwa na makazi pale kwa muda mrefu. Mei 1935 kikundi cha Robert Watson-Watt kilivuka mto na kuweka milingoti ya majaribio ambayo baadaye yalizaa rada ya Waingereza. Mwaka uliofuata wakahamia Bawdsey, kusini kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani na Waingereza wakajenga kwenye vinamasi vya Lantern, kaskazini mwa rasi, rada kubwa iliyoitwa Cobra Mist, iliyokusudiwa kuona ndege na makombora ya Umoja wa Kisovyeti kwa mbali, nyuma ya mpindo wa dunia. Rada hiyo ilisumbuliwa na kelele ambazo chanzo chake hakikuthibitishwa, na Juni 1973 ikafungwa. Yakabaki jengo kubwa la chuma, njia ya umeme mkubwa, na ardhi tupu iliyolowa chumvi.

Vitu vitatu hivyo ndivyo wahandisi wa utangazaji walivyokuwa wakivitafuta. Mwaka 1978 ukawashwa mtambo wa kilohezi 1296. Mwaka 1982 ukaongezwa wa kilohezi 648, masafa yaliyokuwa yakirushwa kutoka Crowborough, Sussex, ambako tangu Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na mtambo mashuhuri wa kilowati 600 ulioitwa Aspidistra. Crowborough iko juu ya kilima, ndani ya bara. Orford Ness iko usawa wa bahari. Mtu aliyezoea redio ya FM, ambayo hutafuta vilele vya milima, ataona kwamba hapo pameshuka thamani. Katika masafa ya kati mambo ni kinyume kabisa, na sehemu kubwa ya sura hii ni kueleza sababu.

Wimbi la kilohezi 648 lina urefu wa mita 463. Kitu kikubwa namna hiyo hakisafiri kama mwale wa tochi, kutoka kileleni hadi machoni. Linapotoka kwenye mnara uliosimama wima huwa limeshikana na uso wa dunia: sehemu yake ya umeme imesimama wima na mguu wake umekanyaga chini. Linapokwenda mbele, mkondo mdogo wa umeme unatembea nalo ndani ya udongo. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida; mkondo ule unageuka joto, na wimbi linapoteza nguvu kwa chini. Matokeo yake ni kwamba uso wa wimbi unainama mbele, kama mtu anayetembea huku pindo la kanzu yake likiburuzwa matopeni. Kadiri kanzu inavyoshikwa, ndivyo mwendaji anavyochoka mapema.

Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi ikiyeyuka majini hupitisha umeme vizuri sana. Wapimaji hutumia kipimo kiitwacho simensi kwa mita. Bahari hupata 4 au 5. Udongo mzuri wa tambarare yenye unyevu hupata sehemu 10 hadi 30 kati ya elfu za simensi moja, na ardhi ya mawe au mchanga mkavu hupata sehemu moja tu kati ya elfu. Kwa hiyo kati ya bahari na ardhi mbaya tofauti ni ya mara elfu kadhaa. Juu ya bahari wimbi la masafa ya kati hupungua karibu kwa sababu ya umbali peke yake, kwa kuwa linatawanyika. Maji hayalinyang'anyi kitu cha kutajika. Ukichukua mitambo miwili yenye nguvu sawa, mmoja ukitazama bahari na mwingine ukitazama nchi ya mawe, kisha ukapima umbali wa kilomita 100, ule wa baharini utakuwa na nguvu ya uga zaidi ya mara kumi. Na kwa kuwa nguvu ya uga hukua kwa kipeuo cha pili cha wati, mtambo wa nchi ya mawe ungehitaji zaidi ya mara mia ya umeme ili uufikie mwenzake. Hakuna mashine ya kununua inayoweza kukupa faida ya namna hiyo. Unaipata kwa kuchagua kiwanja.

Kutoka Orford Ness hadi ufuo wa Uholanzi ni kama kilomita 180, na zote ni maji.

Hayo ni ya mchana. Usiku linaongezeka jambo jingine. Juu angani, katika tabaka zinazoitwa ayonosfia, jua la mchana hutengeneza tabaka la chini ambalo hufyonza mawimbi ya kati yanayopanda. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mawimbi hupanda hadi tabaka za juu zaidi, yakarudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo maana msikilizaji wa Lamu au Mtwara aliyewahi kuzungusha kishikio cha redio baada ya magharibi alikutana na lugha asizozijua. Kuna ukanda mmoja, si mbali sana wala si karibu, ambako wimbi la ardhini na wimbi la anga hukutana yakiwa na nguvu zinazokaribiana. Hapo yanapigana: mara yanasaidiana, mara yanafutana, na sauti inafifia na kupotoka. Mtambo wa pwani unausukuma ukanda huo mbali zaidi, kwa sababu wimbi lake la ardhini linabaki na nguvu kwa umbali mrefu. Kwa huduma inayotaka kusikika wazi usiku na mchana faida hiyo ni kubwa kama ile ya kwanza.

Sasa tuingie kwenye ujenzi wenyewe.

Mnara wa masafa ya kati haubebi antena. Mnara wote, kuanzia chini hadi ncha, ndio antena. Chuma chote kina umeme wa redio, na kwa hiyo lazima kitenganishwe na ardhi. Pale chini, mahali ambapo jengo la kawaida lingekuwa na msingi wa zege ulioshikana na nguzo, mnara unakaa juu ya kigae kinene cha kauri. Kauri hiyo inabeba uzito wote, na kama mnara umefungwa kwa kamba za chuma inabeba pia mvuto wa kamba hizo. Kauri hustahimili kukandamizwa kuliko zege, lakini haistahimili kuvutwa wala kupindwa, na kwa hiyo mnara hutengenezwa ili uweze kuyumba kidogo juu yake bila kuvunja kitu. Kamba za chuma nazo hukatwa vipande vipande na kuunganishwa kwa vigae vingine vya kauri, maana kipande kirefu cha kamba kingegeuka antena ya pili na kuharibu hesabu yote.

Mtu wa matengenezo anayetaka kupanda mnara ulio hai yuko katika hatari ya ajabu. Akisimama ardhini na kugusa chuma, umeme unapita mwilini mwake na kumuunguza hadi ndani ya nyama. Akiwa amekwisha kuwa juu ya mnara, hagusi kitu kingine, basi hana njia ya kuupitisha, japo uga wenyewe una madhara yake. Hatari yote iko katika kile kitambo cha mguu mmoja chini na mkono mmoja juu. Siku hizi vituo makini huzima mtambo au hupunguza nguvu kabla mtu hajapanda. Taa nyekundu za kuonya ndege zina tatizo hilohilo: umeme wake wa kawaida unatakiwa upite kutoka ardhini kwenda kwenye chuma kisichotakiwa kugusana na ardhi. Suluhisho linalopendeza kuliangalia ni transfoma ya pete mbili kubwa zilizopitana bila kugusana, moja imeshikwa na ardhi na nyingine na mnara, na katikati yake hewa tupu.

Majani yakiota hadi yakagusa chuma, cheche hutokea, na cheche hizo huongea. Ni kweli kabisa: nguvu ya mawimbi inapanda na kushuka kufuata sauti ya mtangazaji, cheche inapanuka na kusinyaa nayo, hewa inatikisika, na mtu aliye karibu anasikia taarifa ya habari ikitoka kwenye unyasi unaoungua. Kwa hiyo kufyeka nyasi ni kazi ya uhandisi pale.

Kimo cha mnara hutegemea urefu wa wimbi. Robo ya mita 463 ni karibu mita 116, na minara mitano iliyosimamishwa Orford Ness kwa ajili ya kilohezi 648 ina kimo cha zaidi ya mita 100, yaani karibu na robo hiyo. Kwa kimo cha robo wimbi, mnara huonekana kwa mtambo kama mzigo wa omu 36. Hizo omu 36 si hasara. Ndizo kipimo cha nguvu inayotoka kwenda hewani. Ukiupa mnara kama huo kilowati 50, mkondo wa ampea 37 hivi unaingia chini yake. Na hapo ndipo swali linalosahaulika na watu wengi linapozuka: ampea 37 zinazoingia kwenye mnara zinarudi kwa njia gani?

Zinarudi kupitia ardhi. Umeme hauendi bila kurudi. Mistari ya uga hutoka kwenye mnara, hupinda hewani, hutua ardhini pande zote, na mkondo hutambaa kutoka huko kurudi kwenye kitako cha mnara. Kama ardhi ina ukinzani wa omu 4, basi katika kila kilowati 10 unazolipia, moja inapasha joto udongo. Ukijenga mnara mfupi wa mita 20 kwa masafa hayohayo ili kuokoa fedha, omu zake za kurusha zinashuka hadi chini ya 1, na ardhi yenye omu zilezile 4 itameza zaidi ya robo tatu ya nguvu yote. Mtambo utaunguruma, mita zitasoma vizuri, na wasikilizaji hawatasikia kitu.

Dawa ni shaba. Kuzunguka kitako cha mnara huzikwa nyaya za shaba zinazokwenda pande zote, kila moja ikiwa na urefu unaokaribia robo wimbi. Mwaka 1937 wahandisi watatu wa kampuni ya RCA ya Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walichapisha vipimo walivyovifanya shambani wakiongeza nyaya hatua kwa hatua hadi 113. Walionyesha kwamba nyaya chache zinapoteza nguvu nyingi, na kwamba zikikaribia hesabu hiyo kuongeza zaidi hakuleti tofauti ya maana. Tangu hapo nyaya 120 zimekuwa desturi ya kazi. Piga hesabu kwa mnara mmoja wa kilohezi 648: nyaya 120 mara mita 116 ni karibu kilomita 14 za shaba, zimefukiwa kina kifupi tu, mara nyingi kwa jembe maalumu linalovutwa na trekta. Mgeni anapiga picha mnara na kuondoka, naye amekanyaga nusu ya mashine bila kujua. Nasema nusu bila kutia chumvi. Nimeona katika vitabu vya ufundi michoro mingi ya minara iliyochorwa kwa ustadi mkubwa, na chini yake mstari mmoja tu ulioandikwa ardhi, kana kwamba ardhi inakuja bure.

Kwenye kinamasi cha maji ya chumvi kazi hiyo inakuwa nyepesi. Kokoto kavu za ufukweni hazipitishi umeme vizuri, lakini matope ya Lantern yaliyolowa maji ya bahari hupitisha, na mkondo ukishatoka kwenye ncha za shaba unajikuta kwenye tope la chumvi na kisha baharini. Hakuna mahali pa kukwama.

Mnara mmoja hurusha sawa pande zote. Lakini huduma ya Orford Ness ililenga upande wa mashariki, na nguvu inayokwenda magharibi ingepotea na kuwasumbua wengine. Kwa hiyo kilohezi 648 ilipewa minara mitano na 1296 ikapewa sita. Kanuni yake ni rahisi kueleza kwa minara miwili. Isimamishe kwa umbali wa robo wimbi, mita 116, kisha ucheleweshe umeme wa mnara wa mashariki kwa robo ya mzunguko. Wimbi linalotoka mnara wa magharibi likielekea mashariki linatumia robo ya mzunguko kufika kwa mwenzake, na linamkuta ndiyo kwanza anaanza. Yanakwenda pamoja na kuongezeka. Linaloelekea magharibi kutoka mnara wa mashariki linachelewa mara mbili, kwa umeme na kwa safari, linafika nusu mzunguko nyuma, na yanafutana. Minara ikiongezeka, mwelekeo unakazwa zaidi. Kazi ngumu haiko katika kanuni hiyo. Iko katika vibanda vidogo chini ya kila mnara, vyenye koili za bomba la shaba na kapasita kubwa, ambamo mhandisi huhamisha kishikio kidogo kidogo hadi mikondo ya minara yote ilingane na hesabu. Akigusa kibanda kimoja, vingine vyote vinabadilika, kwa sababu minara inasikiana.

Orford Ness ilikuwa na ugumu wake wa pekee. Zidisha 648 kwa 2 upate 1296. Kila mtambo wa redio hutoa, pamoja na masafa yake, mabaki madogo kwenye masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea. Kwingineko mabaki hayo huangukia mahali pa mbali na hayamkeri mtu. Hapa mabaki ya mtambo mmoja yaliangukia hasa juu ya mwenzake aliye katika uwanja huohuo. Masafa yote mawili yanatoka kwenye mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975 na kuanza kutumika Novemba 1978, ambao uliwapanga watangazaji wa Ulaya, Afrika na Asia kwa hatua za kilohezi 9. 648 ni hatua ya 72 na 1296 ni ya 144. Katika hali kama hiyo vichujio vya kutenga masafa havina budi kuwa makini kuliko kawaida.

Ndani ya jengo la chuma kulikuwa na mitambo yenye jumla ya kilowati 500 kwa kila masafa. Hiyo ni nguvu ya wimbi tupu, kabla mtangazaji hajafungua kinywa. Sauti ikipanda hadi kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, kilele cha nguvu hufika mara nne, yaani kilowati 2,000. Kila kauri, kila koili na kila unganisho lazima liwe tayari kwa kilele hicho, hata kama kinadumu kwa kitambo kidogo sana. Ubadhirifu wa umeme umewasumbua wahandisi tangu mwanzo, na mwaka 1936 William Doherty wa Bell Labs nchini Marekani alibuni njia ya kugawa kazi kwa vikuza viwili, kimoja kikibeba mzigo wa kawaida na kingine kikiamka kwenye vilele tu. Wazo lake limezeeka vizuri: leo limo katika minara ya simu za mkononi duniani kote.

Chumvi inayosaidia wimbi ndiyo inayoutafuna mtambo. Upepo wa bahari huleta umande wa chumvi, umande unatua kwenye kauri, jua linaukausha, na kauri inavaa ngozi nyembamba inayopitisha umeme mara tu unyevu unaporudi. Mvua kubwa huosha na kusaidia. Manyunyu ya asubuhi ni mabaya kwa sababu yanalowesha bila kuosha. Cheche zikipita juu ya kauri zinaiachia alama nyeusi ya kaboni, na siku nyingine zinafuata njia ileile. Chuma kinaliwa na kutu kwenye bolti kabla ya mahali pengine. Shaba ya ardhini hudumu, ila pale inapounganishwa na chuma kingine chumvi huligeuza unganisho kuwa betri ndogo, na upande mmoja unalika. Anayeijua pwani yetu, kutoka Kismayu hadi Mtwara, anazijua tabia hizi kwenye mabati na baiskeli. Tena huku kuna radi, ambayo Suffolk haina kwa wingi huo. Kwa ajili yake huwekwa mipira miwili ya chuma chini ya mnara, ikiachana kwa nafasi ndogo iliyopimwa, ili radi iruke hapo na kuingia ardhini isipasue kauri.

Jirani wa karibu wa Orford Ness alikuwa amekwisha kuipeleka hoja ya maji ya chumvi hadi mwisho wake. Pasaka ya 1964 meli ya Radio Caroline ilitia nanga karibu na Felixstowe, kusini kidogo mwa Orford Ness, nje ya mipaka ya maji ya Uingereza, na kuanza kuwapigia vijana muziki ambao BBC haikuwa ikiwapigia vya kutosha. Serikali iliitungia sheria mwaka 1967. Watu wengi huikumbuka kwa muziki na ukaidi wake. Mimi huvutiwa zaidi na msingi wake: meli ya chuma imegusana na bahari pande zote, na haihitaji waya hata mmoja wa ardhini. Mwaka 1983 Caroline ilirudi na Ross Revenge, meli kuukuu ya uvuvi iliyowekewa huko Uhispania mlingoti wa mita 91 kutoka sitahani. Kwa kilohezi 963 ilizoanza nazo, robo wimbi ni mita 78. Hivyo meli ilibeba mnara kamili wa robo wimbi na zaidi. Kama mashine ya kurusha mawimbi ilikuwa karibu na ukamilifu. Kama meli ilikuwa na mkono mrefu unaoyumba juu ya kila wimbi la bahari. Kauri, kamba na viungo vilivyo imara juu ya zege vilikuwa vikikunjwa na kukunjuliwa mchana na usiku. Dhoruba kubwa ya Oktoba 1987 ilipita na mlingoti ukiwa umesimama, lakini Novemba hiyohiyo ukaanguka baharini.

Kwingineko hoja hiyo ilifikiwa kwa njia ya kawaida zaidi. BBC iliweka mtambo wa masafa ya kati katika kisiwa cha Masirah, Oman, na mwaka 2002 ikauhamishia A'Seela, palepale kwenye pwani ya Bahari ya Arabu. Zanzibar, iliyo na redio tangu 1951, ilirusha masafa ya kati ya kilohezi 585 kutoka Chumbuni, Unguja. Ardhi ya mawe ya matumbawe si kipitishi kizuri, lakini kutoka Unguja unakotaka kwenda kote, Pemba, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, kuna maji katikati. Mnara wa FM wa mita 100 unaona upeo wa kilomita 40 hivi. Mvuvi aliye mbali zaidi ya hapo na kuendelea kidogo anabaki na mvumo. Wimbi la kati linafuata mpindo wa bahari hadi alipo. Ninaposikia mipango ya kufunga masafa ya kati kwa hoja ya bili ya umeme, huwa natamani waliofanya hesabu waulizwe kwanza ni kilomita ngapi za njia ya mtambo huo ni maji.

Orford Ness yenyewe ilifungwa kwa hoja hiyohiyo. Machi 2011 BBC iliacha kilohezi 648 katika kupunguza matumizi, na Mei 2012 kituo chote kikanyamaza. Mnara wa taa wa rasi hiyo, uliojengwa mwaka 1792, ulizimwa 2013 na kubomolewa 2020 kwa kuwa bahari ilikuwa imeufikia. Minara ya redio ilibaki, na shaba yake chini. Mwaka 2015 kampuni binafsi ikalinunua eneo na mitambo ya kurushia ikiwa ingali mahali pake.

Desemba 2017 kilohezi 648 ikasikika tena kutoka kwenye uwanja uleule, ikiwa na leseni halali, na aliyepewa ni Radio Caroline. Nguvu aliyoruhusiwa kuanza nayo ilikuwa kilowati 1, mahali palipokuwa na 500, na kwa sharti la kuhudumia Suffolk na Essex. Mnara mmoja wa zamani ulitosha. Wasikilizaji wa pwani ya Uholanzi, ng'ambo ya kilomita 180 za maji ya chumvi, walianza kuipata mchana kweupe kwenye redio za kawaida. Baadaye Caroline iliomba iongezewe nguvu, na ikaruhusiwa.